Panga kwa Maji, Si kwa Kilomita: Mwongozo Kamili wa Safari ya Baiskeli au Miguu kutoka Dodoma hadi Kolo

Mtu anayetamani kwenda mbali kwa nguvu za miguu yake huanza kwa kufungua ramani, akapima umbali, kisha akaugawa kwa idadi ya siku za likizo alizopewa. Katika nchi zenye mito ya kudumu hesabu hiyo inaweza kumfikisha. Hapa kwetu katikati ya Tanzania huharibika mapema, kwa sababu mji wa Dodoma hupata wastani wa takriban milimita 570 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na miezi inayobaki mito mingi huwa ni mchanga mtupu. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na maji, na kilomita zitafuata baadaye.

Njia ninayoitumia kama mfano ni ile ya kutoka Dodoma kwenda kaskazini hadi Kondoa na kisha Kolo, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Barabara yake ni sehemu ya ile ya Dodoma hadi Babati, yenye urefu wa kilomita 251, ambayo lami yake ilizinduliwa rasmi mwaka 2018. Kanuni zilezile zitamfaa anayekwenda Mpwapwa, Singida au Manyoni, mradi abadilishe majina ya vijiji na kuhesabu upya.

Hatua ya kwanza: chagua mwezi

Miezi mizuri ni Juni, Julai na mwanzo wa Agosti. Mvua zimekwisha, njia za vumbi zimekauka, mavuno yamo ndani, na visima vifupi bado vina kitu. Usiku huwa wa baridi kuliko wageni wanavyotarajia, kwa kuwa Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo sweta na blanketi si anasa. Oktoba na Novemba ni miezi ya joto kali na maji machache, nami simshauri mtu yeyote aanze safari yake ya kwanza wakati huo. Masika yana shida yake nyingine: korongo lililokuwa kavu asubuhi linaweza kujaa jioni kwa mvua iliyonyesha mbali, mahali ambapo wewe hukuona hata wingu.

Kuna pia suala la upepo, ambalo wapanda baiskeli wengi hulikumbuka wakishakuwa njiani. Katika kiangazi upepo wa Dodoma huvuma kwa nguvu kutoka mashariki na kusini mashariki. Anayekwenda Kondoa huwa nao mgongoni au ubavuni. Anayerudi Dodoma hupambana nao usoni siku nzima. Kwa sababu hiyo napendekeza kwenda kwa baiskeli na kurudi kwa basi.

Hatua ya pili: andika daftari la maji

Chukua daftari dogo litakaloingia mfukoni. Kila ukurasa uwe wa kipande kimoja cha njia, na katika kila kipande uandike vyanzo vyote vya maji unavyovifahamu kwa mpangilio wa kuvifikia: bomba la kijiji, kisima cha pampu ya mkono, bwawa, chemchemi, zahanati, shule, duka linalouza maji ya chupa. Mbele ya kila chanzo andika majibu ya maswali matatu. Je, kinatoa maji mwezi huu? Maji yake yana ladha gani? Nani mwenye funguo?

Swali la kwanza linahitaji mtu wa mahali hapo, kwa sababu ramani ya simu huonyesha bwawa mwaka mzima hata likiwa limebaki nyufa. Piga simu kabla ya kuondoka kwa ndugu, kwa mwalimu, kwa dereva wa gari la abiria la njia hiyo, kwa yeyote aliyepita wiki hiyo. Swali la pili lina sababu yake: maji mengi ya ardhini katika ukanda huu yana chumvi, na mengine yana madini ya floraidi kwa wingi. Maji ya chumvi hayachemki yakawa matamu, na ukiyanywa kwa siku nzima ya jua utazidi kuwa na kiu. Misafara ya zamani iliyotoka Bagamoyo ililijua jambo hilo vizuri. Nyika kavu iliyokuwa kati ya Mpwapwa na Ugogo iliitwa Marenga Mkali, yaani maji makali, na jina hilo pekee lilikuwa onyo tosha kwa mpagazi. Swali la tatu linaonekana dogo, lakini pampu nyingi za vijijini zina kamati na hufunguliwa kwa saa maalumu. Kufika saa saba mchana ukakuta kufuli ni sawa na kukuta kisima kikavu.

Namna ya kuuliza ni ufundi peke yake. Ukimuuliza mtu njiani kisima kiko umbali gani, atakujibu kwa wema wote kwamba ni hapo tu, si mbali. Hakudanganyi, hana sababu ya kupima kwa kilomita njia anayoipita kila siku. Nami nimejifunza kuwauliza akina mama wanaochota: “Mama, ukitoka alfajiri na ndoo, unarudi nyumbani saa ngapi?” Akisema anarudi jua likiwa limepanda, unajua ni zaidi ya saa moja kwenda na kurudi, pamoja na foleni. Jibu hilo ni sahihi kuliko mtambo wowote niliowahi kuubeba.

Niliijua thamani ya daftari hilo baada ya kulikosa. Oktoba moja nilitoka na lita tatu tu, nikitegemea bwawa nililoliona miezi minne kabla, na nilipolifikia nilikuta kwato za ng’ombe zimekauka katika tope kama matofali. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa chini ya mgunga alinitazama nikizunguka ukingoni. Nilimwamkia, “Shikamoo, babu.” Akaitikia, “Marahaba, mjukuu wangu. Unatafuta maji au umepoteza kitu?” Nilipomwambia ni maji, akacheka taratibu. “Hayo yaliisha kabla ya Saba Saba. Ng’ombe wanajua, wewe hukuambiwa?” Alinipa kibuyu chake, nikanywa nusu, kisha akanielekeza korongoni ambako watoto walikuwa wamechimba shimo mchangani linalofika kiunoni, na chini yake maji yalikuwa yakijikusanya polepole, kikombe baada ya kikombe. Kujaza chupa mbili kulinichukua karibu saa nzima.

Ufikapo kisimani, kumbuka kuwa unaingia katika foleni ya watu. Kipini cha pampu kimeng’arishwa na mikono, ndoo na madumu yamepangwa mstari, na mara nyingine nafasi ya mtu inashikwa na dumu bovu au hata jiwe. Ukidhani pale hapana mtu ukapita mbele, umekosea. Salimia kwanza, kwa Wagogo neno “Mbukwenyi” hufungua nyuso nyingi. Eleza safari yako, subiri zamu, na uulize bei ya dumu kabla hujaambiwa. Wengi watakupitisha mbele kwa sababu una chupa chache, lakini neno hilo litoke kwao. Wasafiri wa karne ya 19 walilalamika sana kuhusu hongo waliyotozwa na watemi wa Ugogo, na leo neno hongo maana yake ni rushwa. Lakini ukilitazama jambo kwa upande wa mwenyeji, msafara wa mamia ya watu ulikuja kunywa kisima cha kijiji katika kiangazi, na ni haki mtu alipie maji hayo.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya maji ya kubeba

Kwa kila saa ya mwendo katika jua weka robo tatu ya lita. Ongeza lita mbili kama utalala na kupika kabla ya kufikia chanzo kinachofuata, kisha lita mbili za akiba zisizoguswa isipokuwa kwa dharura. Kipande cha saa sita chenye usiku ndani yake kitahitaji lita nne na nusu, na mbili, na mbili: jumla lita nane na nusu, ambazo ni kilo nane na nusu. Baiskeli itazibeba bila manung’uniko. Mgongo wa mtembea kwa miguu utalalamika, na hapo ndipo inafaa kuazima hekima ya wapagazi.

Wao walikuwa na mwendo walioujua kwa jina la tirikeza. Msafara ulipumzika kwenye maji hadi jua lilipoanza kupinda, ukapika, ukanywa na kujaza vibuyu, kisha ukaondoka mchana na kutembea hadi jioni, ukalala mahali pakavu, na kesho yake kabla ya kucha ukaendelea hadi maji ya pili. Ukiondoka saa tisa alasiri na kutembea saa tatu, halafu ukaondoka tena saa kumi na moja alfajiri na kutembea saa nne, kwa mwendo wa kilomita nne kwa saa utakuwa umevuka kilomita 28 zisizo na maji bila kutembea hata dakika moja katika jua la adhuhuri. Chakula cha jioni kwenye kambi hiyo kavu kiwe kisichohitaji kupikwa, kwa kuwa maji ya kupikia umekwisha kuyatumia kisimani.

Maji ya pampu iliyofunikwa vizuri kwa kawaida huwa salama kuliko ya bwawa, lakini yote nayatibu. Yenye tope yachuje kwa kanga safi iliyokunjwa mara kadhaa, yaache yatulie, kisha yachemshe hadi yatokote sawasawa kwa dakika moja, au tumia vidonge vya klorini vinavyouzwa duka la dawa kwa kufuata kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Hatua ya nne: gawa njia

Sasa kilomita zinaweza kuingia. Barabara hii ilijengwa kwa vipande ambavyo vinatusaidia kuhesabu: Dodoma hadi Mayamaya kilomita 43.65, Mayamaya hadi Mela 99.35, Mela hadi Bonga 88.8, na Bonga hadi Babati 19.2. Mpanda baiskeli wa kawaida mwenye mzigo anaweza kwenda kilomita 50 hadi 70 kwa siku kwenye lami, na kama 35 kwenye njia ya vumbi na mchanga. Mtembea kwa miguu ahesabu 20 hadi 25, na siku mbili za mwanzo azipunguze.

Kwa baiskeli, siku ya kwanza iwe ya kufika Mayamaya tu, ukipitia Makutupora, bonde ambalo visima vyake vimelisha mji wa Dodoma kwa miaka mingi. Siku hiyo ni fupi kwa makusudi, kwa maana ndiyo siku ambayo kamba zitalegea na utagundua ulichosahau, na ukiwa na nia ya kurudi unaweza kurudi. Kipande cha Mayamaya hadi Mela kigawe siku mbili, ukipumzika njiani katika vijiji ambavyo daftari lako linasema vina maji, na Chemba iwe kituo chako cha kununua chakula. Siku ya nne utaingia Kondoa, mji wenye chemchemi maarufu, ambako ningekaa siku nzima bila kupanda baiskeli. Kutoka hapo hadi Kolo ni kilomita zipatazo ishirini na kitu, lakini zina vilima, na mtu aliyeizoea nchi ya tambarare atazihisi magotini.

Kwenye lami hatari kubwa kuliko zote ni magari. Vaa kizibao kinachoakisi mwanga, weka kioo kidogo kwenye usukani, na usisafiri usiku. Basi na lori zikikaribia kupishana ulipo, toka kwenye lami mapema. Haki ya barabara unayo, ila dereva huenda asikuone.

Hatua ya tano: baiskeli, miguu au punda

Baiskeli bora kwa safari hii ni ile ambayo fundi wa kijijini anaijua. Baiskeli za gia nyingi ni nyepesi milimani, lakini Phoenix ya chuma yenye keria imara inaweza kutengenezwa chini ya mti wowote kuanzia Dodoma hadi Babati. Wiki mbili kabla ya safari mpe fundi akaze spoki, apake grisi kwenye beringi, na abadilishe mnyororo uliolegea. Beba tyubu mbili, viraka, solushani, pampu, spana za ukubwa wa nati zako, spoki chache na waya laini wa kufungia.

Adui wako atakuwa mbigili. Ni mmea unaotambaa pembeni mwa njia, na mbegu yake kavu ina miiba iliyosimama pande zote, hivyo hata ikianguka vipi mwiba mmoja huangalia juu. Ukisukuma baiskeli kutoka barabarani kwenda kivulini unaweza kuokota mbegu kumi kwa hatua tano. Ibebe baiskeli begani unapotoka njiani, na ndani ya tairi weka ukanda uliokatwa kutoka tairi kuukuu, kama wafanyavyo wauza mkaa. Unapoziba pancha, pitisha vidole polepole ndani ya tairi lote kabla ya kurudisha tyubu, kwa sababu mwiba uliotoboa mara nyingi bado umo humo.

Mtembea kwa miguu asinunue viatu vipya kwa ajili ya safari. Avae vile alivyokwisha kuvitembelea kilomita mia moja, na mzigo wake pamoja na maji usizidi robo ya uzito wa mwili wake.

Kuhusu farasi, huku si kwao, na ndorobo wa mapori ya katikati waliwamaliza farasi wa wageni tangu zamani. Punda ndiye mnyama wa nchi hii. Akibebeshwa kilo 40 hadi 50 zilizosawazishwa pande mbili, juu ya matandiko laini, atakutatulia suala la maji kabisa. Kodi pamoja na mwenyewe, kwa sababu punda asiyekujua atarudi kwao usiku ukiwa umelala.

Hatua ya sita: utambulisho na ruhusa

Beba kitambulisho cha taifa, au pasipoti kama wewe ni mgeni wa nje, pamoja na barua fupi ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa wako. Katika kila kijiji utakacholala, nenda kwanza kwa mtendaji wa kijiji au mwenyekiti, ueleze utokako na uendako, nao watakuandika. Mtu asiyejulikana akionekana na hema porini huzua hofu. Akiwa ameandikwa ofisini huwa mgeni wa kijiji.

Magharibi na mashariki mwa njia hii yapo mapori ya akiba ya Swagaswaga na Mkungunero. Usikate njia ya mkato kupitia humo bila kibali, hata kama kijana wa bodaboda anakuhakikishia kwamba hupita kila siku.

Hatua ya saba: kula na kulala

Mizigo ya chakula haihitajiki sana, kwa kuwa mama lishe wapo kila senta. Asubuhi uji na chapati, mchana ugali wa uwele kwa mlenda, jioni wali na maharage. Kwa vipande vikavu beba karanga za kukaanga, tende, mihogo iliyochemshwa na ubuyu, ambao ukiumung’unya hutuliza kinywa kikavu. Beba noti ndogondogo, maana noti ya shilingi elfu kumi ni tatizo kwa muuza maandazi alfajiri.

Chemba na Kondoa zina nyumba za kulala wageni. Kwingineko omba kupiga hema uwanja wa ofisi ya kijiji au wa shule. Usilale ndani ya korongo hata likiwa kavu namna gani, wala kwenye njia ya ng’ombe.

Hatua ya nane: afya

Jua huua polepole na kwa dalili. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, umechelewa kunywa. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikianza, tafuta kivuli, lowesha shingo na kwapa, kunywa kidogokidogo. Mwenzako akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, hiyo ni dharura. Mpoze mwili kwa maji yote uliyonayo, hata ya akiba, na utafute gari. Beba pakiti za chumvi za kurudisha maji mwilini; ukizikosa, changanya lita moja ya maji safi na vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Lala ndani ya chandarua. Tikisa viatu asubuhi kabla ya kuvivaa. Usiku tembea na tochi, kwa sababu kifutu hulala njiani penye vumbi la joto na hasogei akisikia hatua. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe kwa wembe wala asifungwe kamba, apelekwe kituo cha afya huku akiwa ametulizwa. Namba ya dharura ni 112. Kwa kuwa mtandao hupotea baina ya vijiji, mwachie mtu wa nyumbani nakala ya daftari lako na mkubaliane kwamba usipopiga simu kufikia saa mbili usiku ataanza kumpigia mtendaji wa kijiji ulichopanga kulala.

Kufika na kurudi

Ukifika Kolo, ripoti kwenye ofisi ya mambo ya kale iliyopo kijijini, ulipie kiingilio na upewe kiongozi. Hapaendwi peke yako. Iache baiskeli ofisini, beba lita mbili, upande mlima asubuhi kabla ya jua kuwaka mawe. Usimwage maji juu ya michoro ili ionekane vizuri katika picha, jambo ambalo wageni wa zamani walilifanya na limeifubaza.

Kurudi, subiri basi barabarani ukiwa umekwisha kung’oa pedeli na kugeuza usukani ulale sambamba na fremu. Patana nauli ya baiskeli na kondakta kabla haijapandishwa, na uifunge mwenyewe kwa kamba zako, mnyororo ukitazama juu, ili magunia yatakayopakiwa Kondoa yasiukalie.